Elimu ya Uzazi Si Jambo la Kuchekea

Ukimwuliza mwanafunzi ye yote hapa Arua Hill Wangari Maathai alikuwa nani, atakujibu upesi: "Ni yule mama wa Kenya aliyepanda miti." Jibu hilo ni la kweli, lakini ni nusu tu ya kweli. Kabla hajashika jembe la kupandia mche, mama yule alikuwa mtaalamu wa kuchunguza jinsi ndama anavyoumbwa tumboni. Kazi hiyo ndiyo iliyompatia shahada ya udaktari mwaka 1971, akawa mwanamke wa kwanza katika Afrika ya Mashariki na ya Kati kuipata shahada hiyo. Habari hii haitajwi sana, nami nadhani naijua sababu. Kwetu elimu ya uzazi ni jambo la aibu. Katika shule nyingi, mwalimu akiifikia sura ile ya kitabu cha biolojia, darasa zima huinama na kucheka. Wengine hupigana viwiko chini ya meza. Na mara nyingine mwalimu mwenyewe huipita sura ile mbio, kama mtu anayevuka barabara yenye magari.

Maoni yangu ni kwamba kicheko kile kinatugharimu sana. Sisi watu wa West Nile tunafuga ng'ombe na mbuzi, na nyumba zetu zimejaa watoto. Hakuna elimu inayogusa maboma yetu kuliko elimu ya mimba na uzazi, na hakuna tunayoijali kidogo kuliko hiyo. Wahenga walisema, Mficha uchi hazai. Napenda wenzangu wanafunzi, na ndugu zetu waliokwisha kumaliza masomo, wayatazame maisha ya Profesa Maathai upande huu usiotajwa, kisha waseme kama jambo hili ni la kuchekea.

Alizaliwa tarehe 1 Aprili 1940 katika kijiji cha Ihithe, Nyeri. Alisoma kwa masista wa Kikatoliki, na mwaka 1960 akawa miongoni mwa vijana wa Kenya wapatao 300 waliopelekwa Marekani kusoma. Katika chuo cha Mount St. Scholastica, mjini Atchison, Kansas, alisoma biolojia akapata shahada yake ya kwanza mwaka 1964. Kisha akaenda Chuo Kikuu cha Pittsburgh, akachunguza tezi ndogo iliyo ubongoni mwa ndege. Huko ndiko alikojifunza ufundi uliomfaa miaka mingi baadaye: kuchukua kipande kidogo cha kiungo, kukitoa maji, kukigandisha ndani ya nta, kukikata vipande vyembamba kuliko karatasi, kuvitia rangi, na kuvitazama katika hadubini. Ni kazi ya mikono yenye subira. Mtu akitikisika kidogo, kipande huchanika, naye huanza upya.

Mwaka 1966 alirudi Nairobi akiwa na barua ya kumwahidi kazi katika idara ya zuolojia ya chuo kikuu. Alipofika, akaambiwa kwamba kazi amepewa mtu mwingine. Katika Unbowed, kitabu cha maisha yake kilichotoka mwaka 2006, ameeleza kwamba aliona amenyimwa kwa sababu mbili: alikuwa mwanamke, na kabila lake halikuwa lile lililotakiwa. Kwa bahati palikuwa na Profesa Reinhold Hofmann, Mjerumani wa Chuo Kikuu cha Giessen, aliyekuwa Nairobi kuanzisha idara ya anatomia ya mifugo. Huyu alihitaji mtu anayejua kutengeneza vipande vile vya hadubini, naye Wangari alijua. Ujuzi wa mikono ulifungua mlango ambao barua ilishindwa kuufungua.

Mwaka 1967 alikwenda Ujerumani, akasoma Giessen na Munich. Mwaka 1969 akarudi kufundisha Nairobi. Na mwaka 1971 akamaliza utafiti wake. Alichunguza jinsi tezi za uzazi za ng'ombe zinavyoanza, na jinsi zinavyogeuka kuwa za dume au za jike. Mwaka 1976 akawa mkuu wa idara, na mwaka 1977 akawa profesa mshiriki. Hakuna mwanamke aliyekuwa amevishika vyeo hivyo hapo kabla katika nchi zetu hizi.

Labda msomaji atauliza: "Kuna ajabu gani hapo? Ndama dume ni dume, na mtamba ni mtamba." La, mambo si mepesi hivyo. Urithi unaoamua dume au jike huwekwa siku ile ile mbegu ya fahali inapokutana na yai. Lakini katika wiki za kwanza tezi za uzazi za vijusi vyote hufanana, hata mtaalamu akizitazama kwa hadubini hawezi kuona tofauti. Kando yake kuna mifereji ya namna mbili, wa kiume na wa kike, na kila kijusi kina yote miwili. Karibu na siku ya 40 tangu mimba kutunga, tezi ya dume huanza kuwa kende na kutoa homoni zake. Homoni hizo huustawisha mfereji wa kiume na kuufifisha wa kike. Zisipotoka, mwili hushika njia ya kike. Mimba ya ng'ombe huchukua siku 280 hivi, lakini neno hili kubwa huanza kuamuliwa kabla mwezi wa pili haujaisha, wakati ambapo mchungaji hajui bado kwamba ng'ombe wake ana mimba.

Tena kuna jambo ambalo wafugaji wengi wameliona bila kujua sababu yake. Ng'ombe akizaa pacha, mmoja dume na mmoja jike, yule jike kwa kawaida huwa tasa. Katika watamba 10 wa namna hiyo, 9 au zaidi hawatazaa kamwe. Watu wasiojua husema mnyama huyo amerogwa, au humlisha miaka mitatu wakingoja ndama asiyekuja. Mwaka 1916 Frank Lillie, mtaalamu wa Chuo Kikuu cha Chicago, alieleza kisa chenyewe. Tumboni, mishipa ya damu ya pacha wale wawili huungana. Damu ya ndugu wa kiume hupita katika mwili wa dada yake, na vitu vilivyomo katika damu hiyo huviharibu viungo vyake vya uzazi kabla havijakamilika. Mbuzi huzaa pacha mara kwa mara, lakini balaa hili huwapata kwa nadra tu, maana mishipa ya pacha wao kwa kawaida haiungani. Basi mfugaji mwenye elimu hii hamngoji mtamba yule. Humwuza kwa nyama, akanunua mwingine.

Hapa ndipo lilipo fundisho kubwa, na ningependa kila mwanafunzi alishike. Kitu kidogo kilichomo katika damu kinaweza kuharibu kiungo kama kikifika siku zile kiungo kinapoumbwa. Kitu hicho hicho kikifika baadaye, kiungo kikiwa kimekwisha kukamilika, pengine hakifanyi neno. Wakati wa kuumbwa ni mfupi nao haurudi. Mfinyanzi anaweza kuukanda upya udongo mbichi, lakini chungu kilichokwisha kuchomwa hakikandiki.

Dunia ililipa gharama kubwa ili kulijua jambo hili kwa binadamu. Mwaka 1957 dawa iitwayo thalidomaidi ilianza kuuzwa Ujerumani Magharibi, kisha ikaenea katika nchi nyingi. Ilikuwa dawa ya usingizi, na wanawake wenye mimba waliinywa ili kutuliza kichefuchefu. Watu wazima waliona ni dawa salama. Lakini mwanamke aliyeinywa kati ya siku ya 20 na ya 36 hivi tangu mimba kutunga aliweza kuzaa mtoto asiye na mikono, au asiye na miguu, au mwenye masikio na moyo usiokamilika. Kabla haijaondolewa sokoni, kuanzia mwisho wa mwaka 1961, watoto wapatao 10,000 walikuwa wamezaliwa na vilema hivyo.

Marekani ilisalimika kwa sehemu kubwa kwa sababu ya mwanamke mmoja, Daktari Frances Kelsey wa Idara ya Chakula na Dawa. Mwaka 1960 kampuni iliomba ruhusa ya kuiuza dawa ile, naye akakataa. Walipomsumbua, alirudia neno moja tu: leteni ushahidi. Hakuwa mkaidi wa bure. Wakati wa vita vya pili vya dunia alikuwa amechunguza dawa za malaria kwa sungura, akaona kwamba sungura mwenye mimba huivunja kwinini mwilini kwa shida kuliko sungura asiye na mimba, na kwamba kijusi hakiwezi kuivunja hata kidogo. Kwa hiyo alijua mapema kwamba tumbo la uzazi si ngome. Kinachoingia kwa mama huweza kumfikia mtoto, na mtoto si mama mdogo. Mwaka 1962 Rais Kennedy alimpa nishani. Utafiti wa sungura, ambao mtu angeweza kuucheka, uliwaokoa watoto wa taifa zima.

Sasa tugeuze macho nyumbani. West Nile imelima tumbaku kwa miaka mingi, na pamba pia, na siku hizi hata mboga hunyunyiziwa dawa za wadudu. Nani anayechanganya dawa ile? Mara nyingi ni mama, mikono mitupu, pengine naye ni mja mzito wa mwezi mmoja, hali hajijui. Chupa tupu ya dawa huoshwa ikatiwa mafuta ya taa au maji. Dukani tunanunua vidonge vya rangi mbalimbali bila kumwuliza mganga. Waragi nayo inanyweka mchana na usiku, na wapo wanaosema kwamba humpa nguvu mama mwenye mimba. Huo ni uongo. Tangu mwaka 1968 kule Ufaransa, na mwaka 1973 kule Marekani, waganga wameandika waziwazi jinsi pombe inavyomharibu mtoto uso, kimo na akili angali tumboni.

Wala si sumu peke yake. Upungufu nao huharibu. Uti wa mgongo wa mtoto hufungwa kabla siku 28 hazijapita tangu mimba kutunga, na asipofungwa vema, mtoto huzaliwa na kidonda mgongoni au kichwa kisichokamilika. Utafiti uliotolewa Uingereza mwaka 1991 ulionyesha kwamba kwa wanawake waliokwisha kumpata mtoto wa namna hiyo, vidonge vya foliki asidi vilipunguza hatari ya kumpata mwingine kwa asilimia 72. Ni vidonge vya bei ndogo, na foliki yenyewe imo katika maharagwe na mboga za majani. Lakini yafaa ianze mapema, kabla mimba haijatunga. Mama anayekwenda kliniki mara ya kwanza katika mwezi wa tano amechelewa kwa jambo hili.

Nisieleweke vibaya. Sisemi mama mwenye mimba akatae dawa aliyopewa hospitali. Malaria yenyewe huua watoto tumboni, na mama akiacha dawa kwa hofu atakuwa amekimbia moshi akaangukia moto. Nasema aulize kwa wanaojua, nasi tuongeze wanaojua. Maana leo mtoto akizaliwa na kilema, nini hutokea katika vijiji vingi? Mama hulaumiwa. Husemwa alikosana na wakwe, au alivunja mwiko, au jirani amemtupia jicho. Ndoa ngapi zimevunjika hivyo, na wazee wangapi wametajwa wachawi bure? Kicheko chetu darasani ndicho kinachoacha nafasi kwa maneno hayo. Asiyejua sababu ya kweli hutunga ya uongo.

Najua watakaonipinga. Wa kwanza watasema kwamba haya ni mambo ya wanawake na wakunga, hayawahusu wavulana. Mimi nauliza: nani ananunua dawa ya kunyunyizia shamba? Nani anamiliki ng'ombe? Nani anakunywa waragi na kumpa mkewe? Mvulana asiyejifunza leo ndiye baba atakayemlaumu mke kesho. Tena maisha ya Profesa Maathai yanatufundisha kinyume chake pia, kwamba msichana akipewa hadubini huona kama mvulana. Wale waliomnyima kazi mwaka 1966 hawakumpunguzia yeye akili. Walijipunguzia wao mtaalamu. Sisi Walugbara, Wakakwa, Waalur, Wamadi na Wanubi tunaoketi darasa moja tusisahau neno hilo siku tutakapokuwa wakubwa wa ofisi na kusoma barua za watu wanaoomba kazi.

Wa pili watasema kwamba utafiti ni wa Nairobi na Ulaya, hapa Arua hatuna vyombo. Hao hawaijui historia ya hapa kwetu. Maili chache kutoka mlima huu ipo hospitali ya Kuluva. Daktari Ted Williams alifanya kazi huko miaka mingi, akawa na desturi ya kuandika kwa uangalifu kila mgonjwa, na mahali alikotoka. Mwaka 1961 alifuatana na Daktari Denis Burkitt wa Mulago na Daktari Cliff Nelson katika safari ya maili 10,000 kwa gari kuukuu, wakiuliza hospitali baada ya hospitali habari za uvimbe wa taya za watoto. Mwaka 1967 daftari za West Nile zilitumika kuonyesha kwamba uvimbe huo ulitokea kwa makundi, mahali fulani na wakati fulani. Baadaye, katika miaka ya 1970, watoto 42,000 hivi wa West Nile walitolewa damu, na damu hiyo ilisaidia kuuonyesha uhusiano wa ugonjwa ule na kirusi. Elimu hiyo ilienea duniani kote. Nayo ilihitaji nini kwanza? Daftari, kalamu, na mtu mwaminifu.

Wa tatu watasema kwamba hata Maathai mwenyewe aliiacha elimu ya ndama akaenda kupanda miti, basi haikuwa na maana. Hawa nao wanakosea. Katika miaka ya 1970 alikuwa akikusanya kupe mashambani ili kuchunguza ugonjwa wa ndigana, unaoua ng'ombe. Akiwa katika kazi hiyo aliona kwamba ng'ombe wenyewe wamekonda hata mbavu zinahesabika, majani hakuna, na mito imekuwa myekundu kwa udongo. Akatambua kwamba kupe si adui peke yake, na kwamba ardhi tupu nayo inawaua ng'ombe. Jicho lililozoea kutazama vitu vidogo kwa makini ndilo lililoona jambo kubwa. Tarehe 5 Juni 1977 alipanda miti saba Nairobi, na kutoka hiyo saba ikaja makumi ya mamilioni. Mwaka 1982 aliacha kazi ya chuo kikuu ili agombee Bunge. Akazuiwa kugombea, na chuo hakikumrudisha. Hata hivyo hakukoma. Mwaka 2004 alipewa Tuzo ya Nobel ya Amani, na tarehe 25 Septemba 2011 alifariki dunia mjini Nairobi. Mimi siyaoni maisha mawili hapo. Yule aliyejifunza kwamba ndama huharibika akiwa bado hajaonekana ndiye aliyefahamu kwamba nchi nayo huharibika kabla watu hawajaona.

Maneno matupu hayavunji mfupa, basi natoa mashauri matatu.

La kwanza, chama chetu cha sayansi kianzishe daftari la uzazi wa mifugo. Kila mwanafunzi arudipo nyumbani likizo, Koboko, Maracha, Terego au hapa mjini, aandike mbuzi wangapi na ng'ombe wangapi wamezaa, pacha wangapi, dume kwa jike, wangapi wamezaliwa na kasoro, na mama zao walilishwa wapi. Kwa miaka mitano tutakuwa na daftari ambalo Chuo Kikuu cha Muni au Makerere hawatalidharau.

La pili, wanafunzi wetu wa zamani walio waganga wa watu na waganga wa mifugo waje japo mara moja kwa muhula kuifundisha sura ile ya kitabu inayopitwa mbio. Neno la aibu likisemwa na mtu wa heshima, aibu huondoka. Na siku hiyo tuwaalike dada zetu wa shule za jirani, wakae mbele, waulize.

La tatu, kila mmoja wetu apeleke nyumbani neno moja tu: chupa ya dawa ya shamba isitiwe kitu cha kuliwa wala kunywewa, na mama mwenye mimba, au anayetazamia kupata mimba, asiishike dawa hiyo. Jambo hili halihitaji shahada.

Wapo kati yetu wanaotaka kuwa mawakili na wakuu wa wilaya, na hao Mungu awabariki. Lakini West Nile ina haja ya watu wachache watakaokaa kimya mbele ya hadubini, wakitazama kitu kidogo kuliko punje ya mtama, ili mtoto fulani asiyejulikana bado azaliwe na viungo vyake vyote. Mwalimu atakapoifikia sura ile muhula huu, na jirani yako akuguse kwa kiwiko ili mcheke, usimjibu. Fungua kitabu, uulize swali.